Mwizi Anapopendwa: Jinsi Watazamaji Wanavyoipima Filamu Nyepesi ya Wizi wa Vito

Watu wawili huweza kuketi mbele ya filamu moja, wakacheka mahali pamoja, kisha wakatoka na hukumu zinazopingana. Mmoja anasema ameburudika. Wa pili anasema hakuona kitu. Mgongano huu hujitokeza waziwazi katika filamu nyepesi zinazochanganya mapenzi na wizi wa vito. Wanaozipenda hutaja urembo, mizaha na mandhari. Wasiozipenda hutaja kisa kisicho na uzito, mwizi anayebashirika mapema na hatari isiyotisha. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli kuhusu kilichoonekana. Kinachohitaji kuelezwa ni jinsi ukweli huohuo unavyozaa hukumu mbili.

Ili maelezo yasielee hewani, tutashika filamu moja na kuirudia: To Catch a Thief, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kutolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1955. Hati yake iliandikwa na John Michael Hayes kutokana na riwaya ya David Dodge ya mwaka 1952, na waigizaji wakuu ni Cary Grant na Grace Kelly. Pembeni yake tutaweka nyingine mbili za kulinganishia: Trouble in Paradise ya Ernst Lubitsch, ya mwaka 1932, na After the Sunset ya Brett Ratner, ya mwaka 2004. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna miaka zaidi ya 70, muda wa kutosha kuonyesha ni nini hubadilika katika maoni ya watazamaji na ni nini hubaki palepale.

Tuanze na maana ya maneno. Filamu ya wizi ni ile ambayo tendo la kuiba, au la kumnasa anayeiba, ndilo linalosukuma matukio kutoka mwanzo hadi mwisho. Filamu ya mapenzi ni ile ambayo swali kuu ni kama watu wawili watapatana. Utanzu tunaouchambua una maswali yote mawili kwa pamoja: je, kito kitachukuliwa? Na je, hawa wawili watakuwa wapenzi?

Neno la tatu ni wepesi, nalo hueleweka vibaya. Wepesi wa filamu si sawa na uduni wake. Filamu nyepesi ni ile inayofunga mkataba na hadhira kwamba hakuna atakayeumia kiasi cha kuharibu furaha ya kutazama. Mkataba huu hauandikwi popote, lakini mtazamaji huutambua katika dakika za kwanza kwa muziki, kwa rangi, na kwa namna wahusika wanavyozungumza. To Catch a Thief inafungua kwa dirisha la wakala wa safari lenye matangazo ya Ufaransa, kisha ghafla mwanamke anapiga mayowe kwa sababu vito vyake vimeibwa. Mayowe yale yanachekesha, na mtazamaji akishacheka, mkataba umetiwa saini.

Sasa kisa chenyewe kwa ufupi. John Robie, anayechezwa na Grant, aliwahi kuwa mwizi maarufu wa vito aliyepewa jina la Paka. Ameacha kazi hiyo na anaishi kwa utulivu kwenye nyumba yake ya mlimani, kusini mwa Ufaransa. Wakati wa vita alipigana upande wa wazalendo waliowapinga Wajerumani, na kwa ajili hiyo akaachwa huru kwa masharti. Kisha wizi unazuka tena katika hoteli za pwani, kwa mbinu zilezile za Paka. Polisi wanamshuku yeye. Njia pekee ya kujisafisha ni kumkamata mwigaji huyo kwa mikono yake mwenyewe. Katika kumtafuta anakutana na Frances Stevens, binti wa Kimarekani anayechezwa na Kelly, ambaye mama yake ana vito vinavyoweza kumvutia mwizi yeyote.

Hatua ya kwanza ya uchambuzi ni kuuliza kwa nini vito, wala si fedha za benki. Fedha hukaa katika sanduku la chuma, na anayeziiba hupambana na ukuta. Kito hukaa mwilini: shingoni, sikioni, kidoleni. Anayetaka kukiiba hana budi kumkaribia anayekivaa, kuyafahamu mazoea yake, kujua analala saa ngapi na anakivua wapi. Mpenzi naye hufuata njia hiyohiyo ya ukaribu. Kwa hiyo wizi wa vito na uchumba hupita mlango mmoja, na mtunzi anayelielewa jambo hili anaweza kuandika tukio moja likafanya kazi mbili.

Lubitsch alilionyesha hilo kwa uwazi usio na kifani. Mwanzoni mwa Trouble in Paradise, mwanamume na mwanamke wanakula chakula cha usiku katika hoteli ya Venice, kila mmoja akijifanya mtu wa nasaba bora. Kumbe wote wawili ni wezi. Wanapogunduana, wanaanza kurudishiana walichokwisha kuibiana mezani pale: mwanamke alikuwa na pochi ya mwanamume, na mwanamume alikuwa na pini ya mwanamke. Kisha mwanamke anamrudishia saa yake, na kumwarifu kwamba ilikuwa nyuma kwa dakika tano, naye ameirekebisha. Kila kitu kinachorudishwa ni ushahidi wa ustadi, na kila ushahidi unaongeza pendo. Mtu aliyekuja kutazama wizi ameridhika. Aliyekuja kutazama mapenzi ameridhika pia. Hakuna sekunde ambayo mmoja anamsubiri mwenzake.

Hatua ya pili ni kuona kwamba filamu ya aina hii hutoa ahadi mbili, na watazamaji hawazibebi kwa uzito sawa. Wapo wanaoingia wakiwa wameshika ahadi ya wizi: wanataka mpango, vikwazo, werevu na mwisho usiobashirika. Wapo wanaoingia wakiwa wameshika ahadi ya mapenzi: wanataka watu wawili wanaovutia, maneno yenye ncha, na kusogeleana kwa hatua. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na hapo ndipo penye hatari ya utanzu mzima. Filamu ikitimiza ahadi moja na kuiachia nyingine, nusu ya ukumbi itatoka na haki ya kulalamika.

Tuipime ahadi ya wizi katika To Catch a Thief. Hapa tunahitaji kutofautisha taharuki na mshangao, na bahati nzuri mwongozaji mwenyewe ndiye aliyeitoa tofauti hiyo kwa ufasaha, katika mahojiano yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut yaliyofanyika mwaka 1962. Watu wanazungumza mezani, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa hadhira haijui, bomu linapolipuka watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache. Huo ni mshangao. Ikiwa hadhira inajua, na inaiona saa ukutani, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa mateso ya dakika nzima; hiyo ndiyo taharuki. Taharuki basi huhitaji mtazamaji ajue zaidi ya wahusika.

Katika filamu hii mtazamaji hajui zaidi. Anajua kwamba Robie si mwizi, lakini hajui mwizi ni nani hadi karibu na mwisho. Kinachomshika ni kitendawili, si taharuki. Hata tukio kubwa la dansi ya mavazi limejengwa hivyo. Robie anacheza na Frances akiwa amejifunika uso kwa barakoa, polisi wakimwangalia usiku kucha. Baadaye barakoa inavuliwa, na aliye ndani yake ni Hughson, mtu wa bima; Robie amekwisha kupanda juu ya paa kumvizia mwizi. Hadhira imechezwa pamoja na polisi. Ni mshangao mzuri, ila aliyekuja kutafuta ile saa ya ukutani hakuipata.

Kitendawili chenyewe kina udhaifu ambao watazamaji makini huutaja. Wahusika ni wachache, na kila mmoja amepewa kazi iliyo wazi isipokuwa mmoja: Danielle, binti kijana wa mtumishi wa mgahawani Foussard, ambaye yupo kila mara bila sababu ya kutosha. Foussard anapokufa katika vurumai ya usiku na polisi kutangaza kwamba ndiye aliyekuwa mwizi, Robie anakumbusha kwamba marehemu alikuwa na mguu wa bandia. Mtu wa hivyo hapandi mapaa. Kuanzia hapo mtazamaji anayehesabu wahusika kwa vidole ameshapata jibu, na sehemu iliyobaki inamwonyesha anachokijua. Lalamiko la kwamba mwizi anabashirika lina msingi.

Ahadi ya pili tuipime kwa tukio moja, lile la fataki. Ni usiku katika chumba cha hoteli huko Cannes. Frances amezima taa ili fataki zinazorushwa nje zionekane vizuri. Amevaa gauni jeupe lisilofunika mabega na kidani kinachometameta shingoni. Amekwisha kung'amua kwamba mgeni wake ni Paka. Kwa hiyo anasimama mahali ambapo uso wake umo gizani na kidani peke yake kimemulikwa, kisha anamwalika akiangalie, akiguse. Anamtega mwizi kwa mtego wa mwizi. Robie anakitazama na kumwambia kuwa wote wawili wanajua kwamba kidani kile ni cha bandia. Frances anajibu kwamba yeye mwenyewe si wa bandia.

Tazama kazi iliyofanywa na kidani kile. Kama mwizi, Robie amethibitisha ustadi wake: amekitambua kito bandia gizani. Kama mpenzi, ameshindwa kujificha, kwa sababu jicho lililokwenda shingoni halikurudi. Frances naye amemfichua na kujitoa kwa pamoja. Thamani ya kito imehama kutoka kwenye kitu kwenda kwa mtu, mbele ya macho yetu, bila hotuba. Haya ndiyo yaleyale ya meza ya Lubitsch, yakiwa yamevaa rangi. Wanaoisifu filamu hii kwa mapenzi yake nao wana msingi.

Hatua ya tatu ni kuuliza wepesi hujengwaje, maana wizi katika maisha si mwepesi hata kidogo. Tarehe 28 Julai 2013, katika hoteli ileile ya Carlton huko Cannes ambako filamu ilipigwa, mtu mmoja mwenye silaha aliingia kwenye maonyesho ya vito na kutoka na mzigo uliokadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 103. Hapakuwa na barakoa ya dansi wala maneno yenye ncha. Bastola ilielekezwa kwa watu walio kazini. Ili tukio la namna hiyo liwe burudani, mtunzi lazima aondoe vitu viwili: silaha, na mtu anayelia.

Silaha huondolewa kwa kumfanya mwizi kuwa msanii wa mwili. Robie aliwahi kuwa mwanasarakasi. Chombo chake ni viungo vyake na giza la usiku. Hamgusi anayemwibia. Ustadi huchukua nafasi ya nguvu, na hadhira huweza kuustaajabia ustadi bila kujihisi kwamba imeshangilia ukatili.

Mtu anayelia huondolewa kwa bima. Mwenye kito hulipa ada. Ada za wengi hukusanywa. Anayepatwa na hasara hulipwa kutoka kwenye mfuko huo. Hasara haijafutika, imegawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba hakuna anayeonekana akiumia. Filamu inatumia utaratibu huu kwa makusudi. Mshirika wa Robie ni Hughson, mwakilishi wa bima kutoka London, anayempa orodha ya wateja wenye vito ili wamtegee mwizi. Bi Stevens, mama yake Frances, anapopoteza vyake anaendelea kumpenda Robie. Mwanamke huyo tumekwisha kumwona akizima sigara yake ndani ya yai la kukaanga, katika sahani ya kiamsha kinywa. Mwenye mali ya kumfanya aharibu yai bila kulitazama hatuhurumii almasi zake.

Hata hivyo filamu haimwachi mtazamaji ajione safi. Katika chakula cha mchana nyumbani kwake, Robie anamuuliza Hughson kama hajawahi kuchukua taulo au kisahani cha majivu cha hoteli, au kuongeza kidogo kwenye hesabu za safari za kikazi. Hughson anababaika na kukiri. Mezani kuna mkate wa mayai uliookwa kwa unga mwepesi, na Robie anaeleza kwamba mikono ya mpishi wake, iliyoukanda unga ule, ndiyo iliyomnyonga jenerali wa Kijerumani bila kutoa sauti. Kisha kula kunaendelea. Hapa wepesi umebeba uzito: vita vimepita, mauaji yametajwa, na mkataba na hadhira haukuvunjika. Anayesema filamu hii haina kitu ndani yake pengine alilipita tukio hili haraka.

Hatua ya nne ni sheria ya wakati. Mtazamaji wa leo huuliza kwa nini Robie ni mwizi mstaafu, asiye na hatia, badala ya mwizi kamili. Jibu liko nje ya filamu. Kuanzia mwaka 1934 studio za Marekani zilifuata kwa ukali kanuni za maadili ya filamu, zilizotungwa mwaka 1930 na kudumu hadi 1968, zilipobadilishwa na utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Kanuni hizo ziliagiza kwamba uhalifu usivutie huruma ya hadhira na usiachwe ufanikiwe. Trouble in Paradise, iliyotolewa kabla ya ukali huo, inaishia kwa wezi wawili kuondoka pamoja ndani ya teksi na mali waliyoiba. Kanuni ziliposhika, filamu hiyo iliondolewa kwenye mzunguko kwa miongo kadhaa. Hitchcock hakuweza kuwa na mwisho kama ule, hivyo alimpa shujaa wake sifa ya mwizi bila dhambi ya wizi. Wanaoona kwamba hatari imepungua wanagusa alama iliyoachwa na kanuni hizo.

Wakati umebadilisha pia namna wapenzi wanavyotazamwa. Grant alizaliwa mwaka 1904 na Kelly mwaka 1929. Filamu ilipopigwa katikati ya mwaka 1954, mmoja alikuwa na miaka 50 na mwingine 24. Jessie Royce Landis, aliyeigiza mama mtu, alimzidi Grant kwa miaka kama saba tu. Watazamaji wengi wa sasa huliona pengo hilo na kukosa raha, na si haki kuwaambia wanyamaze. Lakini ni vizuri kutazama nani anaongoza. Frances ndiye anayembusu Robie kwanza, mlangoni mwa chumba chake, bila kutarajiwa. Ndiye anayeendesha gari kwa kasi kwenye barabara za mlimani huku abiria wake akishikilia magoti yake. Ndiye anayemfuata hadi nyumbani mwishoni. Pengo la umri lipo. Hati imelijibu kwa kumpa mwanamke usukani.

Jambo la tano ni ukubwa wa picha. Filamu ilipigwa kwa VistaVision, mfumo ulioanzishwa na Paramount mwaka 1954. Katika mfumo huo ukanda wa filamu hupita ndani ya kamera kwa mlalo badala ya wima, kila picha ikachukua eneo kubwa zaidi, na ikionyeshwa kwenye pazia pana hubaki safi. Robert Burks, mpigapicha mkuu, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii. Sehemu kubwa ya furaha iliyokusudiwa ni bahari, milima, maua ya sokoni Nice na mavazi yaliyobuniwa na Edith Head. Mtu anayeitazama kwenye simu ndani ya daladala amenyimwa sehemu hiyo, na kilichobaki mkononi mwake ni kitendawili, ambacho ndicho kiungo dhaifu. Maoni yake ni ya kweli kwa alichokiona, ila alichokiona ni pungufu.

Jambo la sita ni jina lililo juu ya bango. Mwaka mmoja kabla, Hitchcock alikuwa ametoa Rear Window. Miaka mitano baadaye alitoa Psycho. Anayefika kwenye To Catch a Thief baada ya kuzitazama hizo huja na kipimo cha hofu. Mwongozaji mwenyewe, akizungumza na Truffaut, alikiri kwamba kisa hiki kilikuwa chepesi. Filamu ileile ingetiwa sahihi ya mtu asiyejulikana, huenda wengi wangeiita johari. Matarajio basi ni sehemu ya maoni, na mara nyingine ni sehemu kubwa kuliko filamu.

Sasa tuilete After the Sunset, ambayo wahakiki wengi waliikosoa ingawa ina kila kiungo cha utanzu. Ina nyota wanaopendeza, Pierce Brosnan na Salma Hayek. Ina bahari ya Bahamas. Ina almasi ya mwisho kati ya tatu zinazosemwa kuwa za Napoleon. Ina mpelelezi, anayechezwa na Woody Harrelson, anayemfuata mwizi hadi kwenye mapumziko yake. Kwa nini viungo vilevile vikatoa mchuzi tofauti?

Jibu liko mahali kito kilipowekwa. Almasi ile inaonyeshwa kwenye meli ya kitalii, chini ya ulinzi. Haimo shingoni mwa mpenzi. Zaidi ya hapo, Lola, mpenzi wa Max, yule mwizi, anataka wizi uishe ili maisha yao mapya yaanze. Kwa hiyo kila hatua ya Max kuelekea almasi ni hatua ya kumwacha Lola, na kila tukio la mapenzi ni kusimama kwa wizi. Ahadi mbili zinapishana badala ya kusaidiana. Uhusiano unaokua katika filamu ni ule wa mwizi na mpelelezi wake, na mwanamke anabaki akisubiri. Mtazamaji wa wizi anachoshwa na mapenzi. Mtazamaji wa mapenzi anachoshwa na wizi. Uzuri wa bahari hauwezi kulipa madeni mawili.

Imebaki hatua moja, nayo ni hesabu, kwa sababu siku hizi maoni ya hadhira hutufikia yakiwa tarakimu. Zipo njia mbili kuu za kuyajumlisha. Ya kwanza ni wastani: kila mtu anatoa alama, zinajumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya watu. Ya pili ni asilimia ya walioridhika: kila maoni yanageuzwa kuwa ndiyo au hapana, kisha ndiyo zinahesabiwa. Rotten Tomatoes, katika kipimo chake cha wahakiki, hutumia njia ya pili, na asilimia 60 ndiyo mpaka wa filamu kuhesabiwa kuwa imepita.

Tuchukue mfano wa kubuni, ubao ukiwa mbele yetu. Filamu ya kwanza imetazamwa na watu 100: 90 wameipa alama 6 kati ya 10, na 10 wameipa 4. Walioridhika ni asilimia 90, lakini wastani ni 5.8. Filamu ya pili nayo imetazamwa na watu 100: 60 wameipa 9, na 40 wameipa 4. Walioridhika ni asilimia 60 tu, lakini wastani ni 7.0. Kwa njia moja filamu ya kwanza imeshinda kwa mbali. Kwa njia nyingine imeshindwa. Hakuna aliyedanganya.

Mfano huu unazihusu moja kwa moja filamu nyepesi, kwa kuwa nyingi huzaa hisia za kadiri. Kundi kubwa likiegemea kidogo upande wa ndiyo, asilimia hupaa. Likiegemea kidogo upande wa hapana, asilimia huporomoka, ingawa tofauti ya furaha kati ya makundi hayo ni ndogo. Tarakimu ya chini basi haimaanishi kwamba watu waliichukia filamu. Huenda inamaanisha tu kwamba wengi walitoka wakisema ilikaribia kuwapendeza.

Kuna pia suala la nani aliulizwa. Kampuni ya CinemaScore huko Marekani huwapa kadi watazamaji wa usiku wa kwanza na kuzigeuza alama za herufi, kutoka A+ hadi F. Wanaofika usiku wa kwanza ni waliokuwa na hamu tayari, wamejichagua. Anayeitazama filamu ya 1955 leo naye amejichagua, kwa sababu aliitafuta. Lakini huyu wa leo anaitazama baada ya miaka 70 ya kuchujwa, ilhali yule wa usiku wa kwanza hakuwa na chujio. Kuyaweka maoni yao katika safu moja na kulinganisha tarakimu ni kosa la kipimo.

Tukishafika hapa tunaweza kutoa hukumu. To Catch a Thief ni kitendawili cha kadiri. Sehemu yake ya mwisho inalegea, na anayelalamika kwamba alimjua mwizi mapema asibishiwe. Lakini kama filamu ya mapenzi ya wizi ni ya daraja la kwanza, kwa kuwa katika tukio lake bora haiwezekani kuutoa wizi ukabakiza mapenzi, wala kuyatoa mapenzi ukabakiza wizi. Trouble in Paradise inaizidi, kwa kuwa inafanya hivyo karibu katika kila tukio na inathubutu kuwaacha wezi waende zao. After the Sunset iko chini ya zote mbili, na sababu si nyota wala bahari. Sababu ni ujenzi.

Kipimo tunachokipendekeza kwa utanzu huu ni kifupi: chagua tukio ambalo filamu yenyewe inaliona kuwa kilele chake, kisha uliza kama kito kinafanya kazi ndani ya pendo au kinangoja zamu. Na wewe msomaji, utakapomwambia mwenzako kwamba filamu ya namna hii ni nzuri au mbaya, mtajie ni ahadi ipi uliyoipima. Hukumu isiyotaja kipimo chake haimsaidii anayetaka kuchagua filamu ya kutazama.